Kufunza Watu Kubebwa na Upepo

Ninaondoka Dubai mwisho wa mwezi huu, na Mwanaisha, ambaye ninyi nyote mnamjua kwa kuwa ndiye anayewapangia zamu, amekataa katakata niondoke kabla sijaandika. Anasema mambo niliyokuwa nikimsimulia tukikausha vishada yatapotea. Mimi nadhani mengine yanastahili kupotea, lakini nimeketi, naandika. Hamtapata hapa nilipandishwa cheo lini wala mshahara wangu ulikuwa kiasi gani. Vyeo vya ufukweni ni viwili tu: aliye majini, na anayemwangalia aliye majini.

Naitwa Chebet. Nimezaliwa Bomet, kwenye chai na ukungu, mahali ambapo upepo una kazi moja tu, kukausha nguo. Dubai nilikuja kugawa taulo katika hoteli moja ya Al Garhoud, jirani na uwanja wa ndege. Bwawa la hoteli lilikuwa juu ya paa, na ndege zilipita karibu sana hata wageni wapya waliinamisha vichwa. Sikujua kuogelea. Hakuna aliyeniuliza, maana kukunja taulo hakuhitaji kuogelea. Mlinzi wa bwawa, Odhiambo, mtu wa Kisumu aliyekulia ziwani, ndiye aliyeona kuwa si vizuri mtu kufanya kazi kando ya maji asiyoweza kutoka ndani yake. Alimwomba meneja ruhusa, akawa ananifunza asubuhi kabla wageni hawajaamka.

Alianza na kuelea. Kwa wiki nyingi sikufanya kingine: kulala chali, masikio ndani ya maji, kutazama matumbo ya ndege. Nilidhani ananipotezea muda. Baadaye nilielewa kwamba anayeweza kuelea ana nafasi ya kufikiri, na anayefikiri majini ameshafanya nusu ya kazi.

Siku za mapumziko mimi na wasichana niliokuwa nikikaa nao Satwa tulipanda basi kwenda ufukweni Jumeirah. Hatukwenda kuogelea, tulikwenda kupigwa na hewa na kula mahindi ya kuchoma. Siku moja kishada kikubwa cha rangi ya chungwa, kipana kuliko chumba chetu, kilianguka mchangani karibu nasi, kikaanza kujikokota kuelekea familia iliyokuwa imetandika mkeka. Wenzangu walikimbia. Mimi nilikilalia. Haukuwa ushujaa. Kwetu turubai la kuanikia mahindi likianza kupeperuka, dawa yake ni hiyo hiyo.

Mwenyewe alikuja mbio: mwanamke mfupi, kitambaa kichwani, miwani ya jua puani, miguu peku. Huyo ndiye Bi Zuhura, mwenye shule ya vishada, inayofunza watu kusimama kwenye ubao majini na kuvutwa na upepo; wazee wake walihamia huku kutoka Unguja zamani, na nyumbani kwao mpaka leo ni Kiunguja tu. Alinisemesha Kiarabu, kisha Kiingereza, kisha akanisikia nikiwajibu wenzangu.

"Kumbe Mswahili," alisema. "Nani kakufunza kukilalia?"

Nilimwambia hakuna.

"Ukichoka na taulo, njoo kwangu. Wanaokimbia ninao wa kutosha."

Kubadilisha kafeel, yule mwajiri anayekudhamini kisheria, kulihitaji muda na subira, na hilo naliacha hapo. Mwisho wa yote nilijikuta ufukweni asubuhi moja ya kazi, nimevaa fulana ya shule iliyonifika magotini.

Siku hiyo ya kwanza sikugusa maji. Nilijaza upepo vishada kwa pampu ya mkono mpaka mabega yakawaka moto. Rashidi, dereva wa pikipiki ya maji, kijana wa Tanga wakati huo, alinisahihisha jina kabla hajanisalimu: si kishada, ni tiara. Bi Zuhura akasema ni kishada. Wateja wanasema kaiti. Ubishi huo tuliuendeleza miaka yote na sijui kama ninyi mtaumaliza. Kisha nilikabidhiwa kamba. Kamba zinatoka kwenye mpini anaoushika mtu mpaka kwenye kishada, na kila moja ina mahali pake. Mimi nilizifunga mbili zikiwa zimepishana. Kishada kiliinuka, kikageuka ghafla, kikashuka kwa kasi na kung'oa mwavuli wa muuza kahawa.

Bi Zuhura hakunifokea. Alikwenda akamlipia jamaa kahawa zilizomwagika, akarudi, akaniambia nizipange upya, nikitembea nazo zikipita katikati ya vidole. Nikamaliza, akazivuruga. Nikapanga tena, akazivuruga tena. Tulikwenda hivyo mpaka jua likazama na Rashidi akakaa chini kutuangalia kama mtu aliyelipa tiketi. Tangu siku hiyo sijawahi kufunga kamba zilizopishana, na vidole vyangu mpaka leo hupanga kamba vyenyewe nikiwa kwenye basi.

Niwaambie kidogo kuhusu vifaa, kwa sababu wengi wenu mnapenda vishada vipya na kusahau vitu vidogo. Kifyatuo, ile sehemu inayomtenganisha mtu na kishada mambo yakiharibika, kioshwe kwa maji baridi ya bomba kila jioni. Punje moja ya mchanga inatosha kukifanya kigome. Na kila mwanafunzi akifyatue macho yakiwa yamefumbwa kabla hajakanyaga maji. Wateja hucheka katika zoezi hilo. Wacheke tu. Kisu cha ndoano kikae kwenye mkanda wako wa kiunoni upande wa mkono unaoutegemea, si ndani ya begi. Wakati wa joto msiache kishada kilichojaa juani, gundi za valvu huyeyuka na kishada hukohoa hewa kama mzee. Kikichanika, kipelekeni Satwa kwa yule fundi wetu wa kanzu. Mara ya kwanza nilipomtandikia kishada dukani alikizunguka, akauliza mvaaji ana mabega mapana kiasi gani. Lakini mshono wake haujawahi kufumuka.

Nilianza kufundisha baada ya Bi Zuhura kuniona nikimtuliza mtalii aliyekuwa analia majini, maji yakiwa hayamfiki kiunoni. Wanafunzi wetu mnawajua. Wapo wanaokuja likizoni na kutaka kupigwa picha kabla ya kujifunza. Wapo mabwana wanaodhani nguvu za mikono zitasaidia, na wakajikuta wanakunywa Ghuba nzima. Waliojifunza haraka kwangu walikuwa wapishi, walezi wa watoto na wapiga kinanda, watu wenye mikono inayosikiliza.

Kuna wakati wateja waliuliza sana habari za kuruka kwa parachuti, ile ya kufunga injini mgongoni na kupaa juu ya jangwa. Bi Zuhura alitutuma mimi na Rashidi tukajaribu kwa jamaa fulani, tuone kama shule iongeze huduma hiyo. Nilipaa. Niliona ngamia wadogo kama punje za kunde, na mji wote umesimama kwa mbali kama vitu vilivyosahauliwa mezani. Ni pazuri, sikatai. Lakini bahari ukikosea inakulowesha, inakupa nafasi ya pili. Kule juu niliuliza nafasi ya pili iko wapi, mwalimu akacheka. Tulirudi na kumshauri Bi Zuhura tubaki tulipo. Rashidi alitapika njia nzima na hakuhitaji kushauri kitu.

Sasa nije kwenye siku ya Madam Priya, ambayo wengi wenu mmesikia vipande vyake na kuviongezea chumvi.

Madam Priya alikuwa mhasibu anayeishi Jumeirah Village Circle, mama wa makamo aliyetoka kwenye matibabu marefu. Aliniambia siku ya kwanza kwamba kwa mwaka mzima mwili wake ulikuwa mali ya madaktari, na sasa anataka kuutumia kwa kitu kisicho na maana yoyote ila furaha. Nilimpenda kwa neno hilo. Alikuwa mwoga na mwenye bidii, mchanganyiko mzuri.

Mchana huo upepo ulikuwa wa baharini, ule tunaoupenda, unaomrudisha mtu ufukweni hata akifanya ujinga. Tulikuwa mbali kidogo, kwenye maji ya kina, yeye kwenye ubao na mimi nikielea nyuma yake nimeshika mkanda wake. Rashidi alikuwa ameitwa upande mwingine kumchukua mwanafunzi aliyechoka. Ghafla upepo ulikatika. Kishada kikalegea. Nilitazama nchi kavu nikaona majengo yanafutika, moja baada ya jingine, nyuma ya ukuta wa vumbi la kahawia. Dhoruba ilikuwa imezuka bara na inakuja kwetu, na upepo wa kutoka bara haumrudishi mtu. Unampeleka.

Nilimwambia afyatue. Alikuwa analitazama vumbi na hakusikia. Kabla sijaufikia mkono wake upepo ulitupiga, kishada kikajaa kwa kishindo, na Madam Priya akanyanyuka kutoka mikononi mwangu. Niliushika mkanda kwa vidole viwili tu, kisha sikuwa na kitu. Alianguka mbali nami, upande wa baharini, na kuburutwa juu ya mawimbi.

Niliogelea. Sijui niseme niliogelea vipi, maana naikumbuka pumzi yangu tu. Kilichoniokoa ni kwamba kishada chake kiligonga maji na kusita kidogo, nami nikamfikia. Alikuwa ameshikilia mpini kwa mikono yote miwili, kama kila binadamu anavyofanya akiogopa, na ndiko kulikokuwa kunamvuta. Nilipiga kifyatuo mimi mwenyewe. Kilifunguka. Lakini kamba moja ilikuwa imejizungusha kwenye mguu wake chini ya goti na inakaza. Niliona damu ndani ya maji. Nilitoa kisu, nikashuka chini, nikaikata. Yote hayo yalikwenda upesi kuliko ninavyoyasimulia.

Vumbi lilitufunika. Hatukuuona ufuko, wala pikipiki ya maji, wala jengo. Kishada kilikuwa kimelala juu ya maji bado kina hewa, nikakivuta kwa kamba iliyobaki, nikampandisha kwenye ule ukingo wake mnene, nami nikalala upande wa pili kukizuia kisigeuke. Nilimfunga mguu kwa fulana yangu. Tulikuwa tunakwenda baharini, na hilo tulilijua wote wawili.

"Tutakufa?" aliniuliza.

"Si leo, madam. Leo tuna kazi. Wewe shikilia hapo, mimi nashikilia hapa."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayegawa taulo. Ndani yangu nilikuwa nawaza Bomet, na namna ujumbe utakavyomfikia mama yangu. Nilimwomba anifundishe kupika sambar, ule mchuzi wa dengu wa kwao, tangu kuosha dengu. Alianza huku meno yanagongana. Nilimkatiza kila mara kwa maswali ya kijinga, na akaniona mgumu wa kuelewa, akakasirika kidogo. Hasira ilimpa joto. Tulipofika kwenye ukwaju tulisikia mlio wa injini.

Rashidi alituambia baadaye jinsi ilivyokuwa. Alikuwa anatutafuta karibu, pale alipotuacha, akizunguka na kupiga kelele. Bi Zuhura alisimama ufukweni na redio, vumbi likimpiga usoni, akamwamuru aache kutafuta pale alipotuacha. Alimwambia aweke upepo mgongoni na aende, na akihisi amefika mbali mno, aendelee. Rashidi alisema alifika mahali akaona ni wazimu. Akaendelea. Akatukuta.

Madam Priya alishonwa mguu na akapona. Mimi sikuwa na jeraha lolote, nami ndiye niliyechelewa kupona. Nilirudi kazini baada ya mapumziko mafupi, nikavaa mkanda, nikaingia maji ya magoti, na miguu ikakataa. Nilijaribu kesho yake, ikakataa tena. Bi Zuhura aliniona. Asubuhi iliyofuata alinipa rundo la vishada vilivyochanika, akaniambia nivipeleke Satwa na nikae na fundi mpaka viishe. Vilipoisha alileta vingine, na nina hakika baadhi alivichana mwenyewe. Nilikaa dukani kati ya vitambaa na harufu ya pasi, nikishika ncha za kishada fundi akishona, na hakuna aliyeniuliza najisikiaje. Mpaka siku moja alasiri pazia la mlango wa duka lilicheza, nikajikuta nasema kwa sauti kwamba huu ni upepo mzuri wa baharini. Fundi aliinua macho, akasema, "Yalla, nenda." Nilikwenda. Miguu iliingia majini bila kuniuliza.

Madam Priya naye alirudi, baada ya miezi. Tulianza upya kwenye mchanga, kama mtu asiyewahi kuona kishada. Siku aliyosimama kwenye ubao na kwenda mwenyewe, hakupiga kelele wala kuinua mikono. Alirudi, akakaa, akasema ule ukwaju huwekwa mwisho, nisisahau.

Kazi kubwa ya mwalimu, mkitaka nijumlishe, ni kusema hapana. Kulikuwa na bwana mmoja, mgeni wa hoteli kubwa, aliyelipia somo la binafsi na kuleta mpiga picha. Niliangalia mawingu ya upande wa bara, nikamwambia leo hatuingii. Aliniuliza kama namjua yeye ni nani. Nilimwambia upepo pia haumjui. Alikwenda kunishtaki, akapiga simu mpaka kwa watu wa hoteli. Mngependa kusikia kwamba dhoruba ilikuja. Haikuja. Siku ile ilikuwa nzuri mpaka jioni, bahari imetulia kama uji, na mimi nilikaa naitazama kwa uchungu. Nilimwendea Bi Zuhura kumwambia kwamba nimempotezea mteja bure.

"Si bure," alisema. "Kesho atakuwa hai, alalamike tena."

Hata leo ningemzuia.

Magoti ya Bi Zuhura yalipochoka, aliikabidhi shule kwa mpwa wake na mimi nikaachiwa wanafunzi na walimu. Yeye alihamia kwa bintiye Muscat, na bado hunipigia simu kuuliza upepo. Nikimjibu vibaya ananisahihisha kutoka huko huko.

Mwanaisha alikuja kwangu akitoka kazi za ndani. Mtu wa Morogoro, mpole, sauti ya chini, anakijua kishada kwa mikono kuliko sisi wote. Kasoro yake ilikuwa moja: kila kitu kwake kilikuwa sawa sir, sawa madam. Mteja akitaka kishada kikubwa kuliko uzito wake unavyoruhusu, sawa. Akitaka kuendelea wakati mikono imekufa ganzi, sawa. Miaka ya kuishi katika nyumba za watu humfunza mtu hivyo, sikumlaumu. Lakini nilijua sawa moja kama hiyo siku moja itamwua mtu.

Basi tukawa tunafanya mazoezi. Baada ya kazi mimi najifanya mteja: mara bwana mkubwa, mara mtalii anayebembeleza, mara bibi arusi anayelia kwamba ndiyo siku yake ya mwisho ya fungate. Yeye kazi yake kukataa. Mwanzoni alikuwa anaomba radhi mpaka mimi mteja namwonea huruma. Kisha akawa anakataa huku anatazama mchanga. Rashidi, ambaye sasa ana mvi na wajukuu, aliletwa kuwa mteja mkali, akaifurahia kazi hiyo kupita kiasi. Tulifanya hivyo msimu mzima. Kwa wateja wa kweli aliweza kidogo kidogo. Nilikuwa na shaka kama ataweza kwa mtu anayemheshimu.

Jana ilikuwa siku yangu ya mwisho ya kazi. Ninyi mlikuwepo, lakini mlikuwa mbali mkihangaika na keki, hamkusikia. Nilikuwa nimepanga kuingia majini peke yangu, bila mwanafunzi wa kumwangalia, niende na kurudi mara moja, basi. Nilishavaa mkanda. Rashidi alishakishika kishada, anangoja ishara yangu. Upepo ulikuwa na nguvu nzuri, ila ulikuwa umeanza kugeuka, unanipuliza shavu la upande wa nchi kavu. Niliuhisi. Nimewahi kuingia kwenye upepo mbaya kuliko ule, na nilijiambia hivyo.

Mwanaisha alikuja akasimama kati yangu na maji.

"Dada Chebet, leo huingii."

Nilimwambia ni mara moja tu, na sitakwenda mbali. Nilimkumbusha ni siku gani. Nilitumia sauti yangu ya kazini, ile inayowafanya mshike pampu upesi. Rashidi alitazama pembeni. Mwanaisha hakutazama mchanga. Alinitazama mimi, mikono yake imetulia, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Shikamoo," alisema, "lakini hapana."

Nilisimama pale na mpini mkononi. Kisha nilikifyatua kifyatuo, nikauvua mkanda wote, nikamkabidhi.

"Marahaba," nikamwambia.